Shahidi wa Kweli na Shahidi wa Uongo: Picha za Damu za Bangkok



Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lenye maana mbili: shahidi. Shahidi ni mtu aliyeona jambo kwa macho yake na kulitamka mbele ya watu. Shahidi ni pia yule aliyemwaga damu yake kwa ajili ya ukweli alioushika. Historia ya maandamano ya Bangkok, mji mkuu wa Thailand, yatusaidia kulitafakari neno hilo. Katika mji ule, kwa muda wa miaka karibu 40, kamera imesimama mbele ya damu iliyomwagika: pengine kama shahidi wa kweli, pengine kama shahidi wa uongo, na baadhi ya walioibeba wamelipa kwa uhai wao.

Thailand ni taifa la Wabudha. Wakatoliki huko hawafiki hata mmoja katika kila watu mia. Hata hivyo, swali linaloulizwa na picha zile halichagui dini wala bara: picha ya mtu aliyeuawa inatudai nini sisi tunaoitazama?

Oktoba 1973: picha za ushindi

Thailand ni nchi ya kifalme. Mwaka 1932 utawala wa mfalme peke yake ulikomeshwa, lakini tangu hapo serikali imekuwa mikononi mwa wakuu wa jeshi kwa vipindi virefu. Mwaka 1973 waziri mkuu alikuwa Jemadari Thanom Kittikachorn. Mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba watu 13 walitiwa kifungoni kwa sababu walidai katiba. Wanafunzi wakakusanyika katika Chuo Kikuu cha Thammasat, kilicho kando ya mto Chao Phraya, karibu na jumba la kifalme la kale. Siku kwa siku umati ukaongezeka, hata ukafikia mamia ya maelfu ya watu. Walitembea wakiinua bendera ya taifa na picha za mfalme na malkia, ili ionekane wazi kwamba hawakuwa adui wa nchi yao.

Tarehe 14 Oktoba askari wakafyatua risasi. Kwa hesabu ya serikali watu 77 walikufa. Mfalme Bhumibol aliacha malango ya jumba lake la Chitralada yafunguliwe, vijana wapate kimbilio. Na Thanom akalazimika kuihama nchi. Wanafunzi walikuwa wameshinda. Picha za siku zile, zenye vijana mbele ya vifaru na bendera juu ya vichwa vya watu, zilichapwa, zikatunzwa, zikaonyeshwa kwa fahari. Kila taifa hupenda kutazama picha za ushindi wake. Mtihani huja pale taifa linapotakiwa kutazama picha ya aibu yake.

Oktoba 1976: picha iliyochochea mauaji

Uhuru ule ulidumu miaka mitatu tu. Mwaka 1975 wakomunisti waliitwaa Kambodia, Vietnam ya Kusini na Laos, nchi za jirani, na hofu kubwa ikaingia nchini Thailand. Vikundi vilivyojiita walinzi wa taifa, dini na ufalme vilipata nguvu, kama vile Krathing Daeng, vijana waliopewa silaha, na wale Skauti wa Vijiji. Mwanafunzi, mkulima au mfanyakazi aliyedai haki yake aliitwa mkomunisti, na jina hilo likawa kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Viongozi kadhaa wa wakulima waliuawa. Mtawa mmoja mashuhuri wa Kibudha, Kittivuddho, alifikia kutamka mwaka 1976 kwamba kuwaua wakomunisti si dhambi. Tusilisikie jambo hili kwa kunyosha kidole. Hakuna dini ambayo haijapata kuona mtumishi wake akibariki upanga. Na kila inapotokea, wauaji huwa wamepewa kile walichokikosa, yaani dhamiri iliyotulizwa.

Mwezi wa Septemba 1976 Thanom alirudi nchini akiwa amevaa vazi la mnovisi wa Kibudha. Wapinzani wake wakaanza tena kuandamana. Tarehe 24 Septemba wafanyakazi wawili wa shirika la umeme, waliokuwa wakibandika matangazo ya kumpinga katika mji wa Nakhon Pathom, waliuawa na miili yao ikatundikwa kwenye lango. Tarehe 4 Oktoba wanafunzi wa Thammasat wakaigiza kifo hicho mbele ya wenzao, ili kuwalilia marehemu na kuishitaki serikali. Kijana mmoja alitundikwa kana kwamba amenyongwa, na wapigapicha wa magazeti wakalipiga tukio hilo.

Hapo ndipo uongo ulipoingia. Gazeti la Dao Siam lilichapa picha hiyo likidai kwamba uso wa kijana yule ulifananishwa na uso wa mrithi wa kiti cha enzi, Mwanamfalme Vajiralongkorn. Kwa maana hiyo, lilisema, wanafunzi walikuwa wamemnyonga mwana wa mfalme kwa mfano. Redio ya kikosi cha vifaru ikalieneza neno hilo usiku kucha, ikiwachochea wasikilizaji dhidi ya chuo. Watu ambao hawakuuona mchezo wenyewe waliiona picha, wakasadiki maneno yaliyoandikwa pamoja nayo.

Tutazame kwa makini jinsi uongo huu ulivyotengenezwa. Mchezo uliigizwa kweli. Kijana aliyetundikwa alikuwepo kweli. Wapigapicha walikuwepo na kamera zao zilifanya kazi yake. Uongo haukuhitaji kuanzia katika picha. Ulitosha kukaa katika maneno yaliyoambatana nayo na katika mioyo iliyokwisha kuandaliwa kwa chuki. Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa mwaka 2018 kwa ajili ya Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, alieleza habari za uongo kwa kuturudisha kwenye kitabu cha Mwanzo, kwa nyoka aliyemsogelea Eva. Nyoka yule alianza na jambo lililosemwa kweli, akalipinda kidogo, akaiacha hofu na tamaa vimalize kazi. Picha ya Dao Siam ilifuata njia hiyo hiyo. Amri ya nane inayotukataza kumsingizia jirani haikuvunjwa na mashine ya kupiga picha. Ilivunjwa na mwandishi, na mtangazaji, na kila aliyelipokeza neno hilo bila kuuliza.

Asubuhi ya Sanam Luang

Alfajiri ya tarehe 6 Oktoba 1976 polisi, wakiwemo wale wa mipakani, waliuzingira uwanja wa Thammasat, wakafyatua risasi na silaha nzito kwa wanafunzi waliokuwa ndani. Vikundi vya raia vilivyochochewa vikaingia pamoja nao. Wengine kati ya vijana walijitupa mtoni ili kujiokoa. Kwa hesabu rasmi walikufa watu 46, ingawa walionusurika wamesema siku zote kwamba idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Zaidi ya 3,000 walikamatwa. Jioni ya siku ile ile jeshi likatwaa madaraka.

Mbele ya chuo kuna kiwanja kikubwa kiitwacho Sanam Luang, kilichozungukwa na mikwaju. Asubuhi ile baadhi ya miili ilitundikwa kwenye miti hiyo. Neal Ulevich, mpigapicha Mmarekani wa shirika la habari la Associated Press, alikuwa hapo. Katika picha yake mashuhuri kuliko zote tunaona mwili wa kijana ukining'inia, na mbele yake mtu mmoja ameinua kiti cha kukunja ili aupige mwili huo usio na uhai. Lakini jicho haliwezi kukaa kwa huyo mwenye kiti peke yake. Nyuma yao limesimama duara la watazamaji. Ni watu wa kawaida, wengi wao vijana. Baadhi yao wanatabasamu, na mvulana mmoja anacheka kama atazamaye mchezo.

Mwaka 1977 Ulevich alipewa tuzo ya Pulitzer kwa picha zake za siku hiyo. Hata hivyo uzito wa picha hii hautoki katika tuzo. Unatoka katika jambo moja: inapindua ile picha ya Dao Siam. Ya kwanza ilionyesha kunyongwa kwa kuigiza, ikaitwa uhalifu wa kweli. Ya pili ilionyesha uhalifu wa kweli, na watazamaji wake wakauchukua kama maigizo. Kati ya picha hizo mbili zimepita siku mbili tu. Ya kwanza ilisaidia kuua. Ya pili imewazuia wauaji wasiseme kwamba hakuna kilichotokea.

Wako wanaouliza kwa nini mpigapicha hakuiacha kamera yake akaenda kuuzuia mkono wa mwenye kiti. Swali hili si la kudharauliwa, kwa sababu mwanadamu kwanza ni jirani, ndipo ni mwandishi wa habari. Lakini kijana yule alikuwa amekwisha kufa, na mtu mmoja mgeni asingeweza kuutawanya umati ule. Alichoweza kumfanyia marehemu ni kutoruhusu kifo chake kipotee. Wanawake waliomfuata Bwana wetu hadi Kalvari hawakuwa na nguvu ya kuwashusha askari. Walisimama, wakatazama, hawakukimbia. Na kwa kuwa walitazama, walijua alipolazwa. Yako mazingira ambayo kutazama bila kugeuza uso ndiyo kazi ya upendo iliyobaki.

Miaka ya kimya

Baada ya mauaji, waliofikishwa mahakamani hawakuwa wauaji bali wanafunzi. Viongozi 18 wao walishitakiwa, mpaka sheria ya msamaha ya mwaka 1978 ilipowaachia huru. Sheria hiyo hiyo iliwafunika na wale waliopiga risasi na waliotundika miili. Hakuna aliyehukumiwa hata mmoja. Msamaha uliotolewa kabla ya ukweli kutamkwa ni kama donda lililofungwa kitambaa bila kusafishwa: kwa nje linaonekana limetunzwa, kwa ndani linaoza. Kanisa linatufundisha kusamehe sabini mara saba. Lakini katika sakramenti yenyewe ya upatanisho, ungamo hutangulia maondoleo.

Elfu kadhaa za vijana walikimbilia misituni kujiunga na wapiganaji wa kikomunisti, kwa sababu mjini hapakuwa na mahali pa kusema. Majumbani watu walinyamaza. Wazazi wa mwanafunzi mmoja, watu wa kusini mwa nchi, walimtafuta mtoto wao kwa miaka karibu 20, wakitumaini kwamba naye alikwenda porini na kwamba siku moja angerudi. Picha ilikuwepo muda wote huo: picha ya mwili wa kijana ukiburutwa katika uwanja wa mpira wa chuo kwa kitambaa kilichofungwa shingoni. Mwaka 1996, watu walipokusanyika kwa mara ya kwanza kwa wingi na hadharani kuadhimisha siku ile, ndipo wazazi hao walipoujua mwisho wa mtoto wao. Ukweli uliwaumiza, lakini uliwaondoa katika kungoja kusikokuwa na mwisho. Mzazi aliyewahi kuzika anajua tofauti ya mtoto aliyelala kaburini na mtoto ambaye hajulikani aliko.

Mmoja wa wale wanafunzi 18, Thongchai Winichakul, amekuwa mwanahistoria, akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani. Mwaka 2020 alitoa kitabu kuhusu kimya hicho, akieleza kwamba walionusurika hawawezi kusahau na wala hawapati nafasi ya kukumbuka kwa sauti. Mwalimu Puangthong Pawakapan wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, pamoja na wenzake, wamekusanya picha, taarifa za uchunguzi wa maiti na maneno ya familia, wakijaribu kumrudishia kila marehemu jina lake. Ni kazi ya uvumilivu. Hata leo jina la yule aliyetundikwa katika picha mashuhuri ya Ulevich halijathibitishwa, wala la yule mwenye kiti. Dunia nzima imeuona mwili wake, na hakuna anayejua kumwita.

Hapa tunaona mpaka wa picha. Inaweza kuhifadhi sura. Haiwezi peke yake kurudisha jina. Kazi hiyo ni ya jamaa, ya jirani, ya mwanahistoria, ya jumuiya inayosali. Imani yetu inatuambia kwamba Mungu anamwita kila mmoja wetu kwa jina lake, na tunapomtafutia jina maiti asiyejulikana tunashiriki kidogo katika kumbukumbu ya Mungu mwenyewe.

Mei 1992: mikanda ya video

Miaka 16 ilipita. Jenerali Suchinda Kraprayoon, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya mwaka 1991, alitwaa uwaziri mkuu mwezi wa Aprili 1992 bila kuchaguliwa na raia, ilhali aliahidi kwamba hatautaka. Chamlong Srimuang, aliyewahi kuwa gavana wa Bangkok, alianza kufunga chakula kwa kumpinga, na watu wa mji, wakiwemo wafanyakazi wa maofisi na wafanyabiashara, wakaijaza barabara ya Ratchadamnoen. Kuanzia tarehe 17 Mei askari waliwafyatulia risasi. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 52.

Vituo vya televisheni nchini vilikuwa mikononi mwa serikali na jeshi, navyo havikuwaonyesha wananchi yaliyokuwa yakitendeka mitaani. Lakini wapigapicha wa kigeni walikuwepo, na walichokipiga kilirushwa ng'ambo. Muda si mrefu mikanda ya video ilinakiliwa na kuuzwa njiani, na watu wa Bangkok wakajionea damu ya mji wao wenyewe kwa njia ya nchi za mbali. Tarehe 20 Mei televisheni ilionyesha Suchinda na Chamlong wakipiga magoti mbele ya mfalme, aliyewaonya wote wawili, na siku chache baadaye Suchinda akajiuzulu. Katika madai yaliyofuata lilikuwepo hili, kwamba pawe na televisheni isiyotawaliwa na jeshi. Kituo cha ITV, kilichoanza mwaka 1996, kilikuwa tunda la madai hayo. Watu walikuwa wamejifunza kwamba anayemiliki macho ya taifa anaweza kulifanya lisione wafu wake.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulikwisha kuligusa jambo hili katika hati yake ya Inter Mirifica, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963. Hati hiyo inafundisha kwamba jamii ya wanadamu ina haki ya kupata habari za mambo yanayowahusu, na kwamba habari hizo ziwe za kweli, zitolewe kwa haki na upendo. Tuyashike maneno hayo yote pamoja. Ukweli bila upendo huweza kuwa tamasha la damu. Upendo usiotaka ukweli hugeuka kuwa pazia la kuwafichia wauaji.

Mwaka 2010: walioanguka na kamera zao

Mwezi wa Machi 2010 wananchi waliovaa mashati mekundu, wengi wao kutoka mikoa ya mashambani na mitaa ya wafanyakazi, waliingia Bangkok kumtaka Waziri Mkuu Abhisit Vejjajiva auite uchaguzi. Wengi kati yao walikuwa wafuasi wa Thaksin Shinawatra, aliyepinduliwa na jeshi mwaka 2006. Walikaa mjini zaidi ya miezi miwili, mwishowe wakaishika njia panda ya Ratchaprasong, palipo na maduka makubwa ya kifahari.

Jioni ya tarehe 10 Aprili jeshi lilijaribu kuwaondoa karibu na Mnara wa Demokrasia. Hiroyuki Muramoto, Mjapani mwenye umri wa miaka 43, mpigapicha za video wa shirika la Reuters, alipigwa risasi kifuani akiwa kazini, akafa. Usiku ule walikufa raia na askari, akiwemo kanali mmoja wa jeshi. Picha zilizopigwa huko zilionyesha pia watu waliovaa nguo nyeusi wakiwa na silaha za kivita upande wa waandamanaji. Wengi waliopenda kusema kwamba upande mmoja ulikuwa na mikono safi kabisa hawakufurahia kuziona. Shahidi wa kweli hupatikana na tabu hiyo: hakuna upande unaompenda siku zote, kwa maana hachagui maiti za kuonyesha.

Tarehe 19 Mei askari waliingia Ratchaprasong wakiwa na magari ya chuma. Fabio Polenghi, mpigapicha Mwitalia wa miaka 48, alipigwa risasi katika barabara ya Ratchadamri akiwa mbele ya askari hao, na kamera yake ikatoweka. Siku hiyo hiyo watu sita waliuawa katika eneo la hekalu la Wat Pathum Wanaram, lililokuwa limetangazwa kuwa kimbilio. Mmoja wao alikuwa Kamonkade Akkahad, muuguzi wa kujitolea aliyekuwa akiwahudumia majeruhi. Kwa jumla watu zaidi ya 90 walipoteza maisha katika miezi ile miwili, na majeruhi walikuwa karibu 2,000.

Dada yake Polenghi alirudi Bangkok mara kwa mara kudai ukweli. Mwezi wa Mei 2013 mahakama iliyochunguza kifo hicho ilitamka kwamba risasi ilitoka upande wa askari. Kwa kifo cha Muramoto, mahakama haikuweza kumtaja aliyefyatua. Kuna ndugu waliopata jibu nusu, na kuna wasiopata lolote.

Hatusemi kwamba Muramoto na Polenghi ni wafiadini. Kanisa lina njia yake ya kulitambua jambo hilo. Tunasema tu kwamba maana mbili za neno shahidi zilikaribiana sana siku walipoanguka. Walikwenda kutazama kwa niaba ya watu ambao hawangeweza kufika, na mahali pa kutazamia palikuwa mahali pa kufia.

Tunachodaiwa

Sisi Wakongo si wageni wa habari hizi. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, mzee aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, mabaki ya mtoto aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira wa porini. Picha hiyo ilizungushwa katika kumbi za Ulaya na Marekani, ikasaidia kuuvua utawala wa Mfalme Leopold wa Pili kinyago chake cha huruma. Na tarehe 31 Desemba 2017, Wakristo walei walipoandamana baada ya misa kudai uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote. Anayezima mitambo ya kupeleka picha siku ya risasi amekiri, bila kusema neno, kwamba anaogopa kuonekana.

Lakini leo kamera haimo tena mikononi mwa wachache. Imo katika simu ya kila kijana wa parokia zetu. Kwa hiyo historia ya Bangkok inatuhusu kwa njia mpya: kila mmoja wetu anaweza kuwa Ulevich, na kila mmoja wetu anaweza kuwa mhariri wa Dao Siam, tena kwa dakika ile ile na kwa kidole kile kile. Picha ya maiti inaingia katika kundi la WhatsApp. Chini yake yameandikwa maneno kwamba kabila fulani ndilo lililotenda, au kikundi fulani, au watu wa kijiji fulani. Nani aliipiga? Ni ya wapi? Ni ya mwaka gani? Tukiisambaza kabla ya kuuliza, hatuwezi kujitetea kwamba hatukuandika sisi. Redio ya vifaru nayo haikuipiga picha ile, iliipokeza tu.

Kuna pia ile hatari ya duara la watazamaji. Mvulana anayecheka katika picha ya Sanam Luang hakumnyonga mtu, na pengine hakurusha hata jiwe. Alitazama tu, na akafurahia. Tunapozoea kupitisha miili ya watu mbele ya macho yetu tukiwa tunakula, tukiwa tunangoja gari, bila sala na bila uchungu, tumelikaribia duara lile. Mtu aliyeuawa si kitu cha kuonyeshana. Alikuwa na mama. Kama picha yake ni ya lazima ili ukweli ujulikane na haki itafutwe, ionyeshwe kwa wanaohusika na haki hiyo, na uso wake uheshimiwe. Kama si ya lazima, afunikwe, kama tunavyomfunika marehemu wetu nyumbani.

Katika Njia ya Msalaba kituo cha sita ni cha Veronika. Injili hazimtaji, ni mapokeo ya Wakristo yaliyotuhifadhia habari zake, na wengi wamelisoma jina lake kwa maana ya sura ya kweli. Alikuwa katika umati uliokuwa ukitazama mtu akipelekwa kuuawa. Wengine walicheka, wengine waligeuka. Yeye alijipenyeza kati ya askari, akaupangusa uso uliojaa damu na mate, na sura ikabaki katika kitambaa chake. Tuone utaratibu wa matendo yake: kwanza alimhudumia aliyeteswa, ndipo akapewa sura. Hakuja kuitafuta sura. Alikuja kwa ajili ya uso.

Katika mikutano ya jumuiya zetu hai za msingi, tunapofika kwenye kituo hicho, tuwaombee marehemu wa Thammasat, wa Ratchadamnoen na wa Ratchaprasong, wenye majina na wasio na majina, askari na raia. Tuwaombee na wale waliokufa wakiwa na kamera mkononi. Tuwaombee vijana wetu wenye simu, wapewe ujasiri wa kuona, akili ya kuuliza na adabu ya kunyamaza inapobidi. Nasi sote tuombe neema ya kuwa mashahidi katika maana ile ya kwanza, tukimwachia Mungu kuamua ni nani atakayeitwa katika ile ya pili.